Ukurasa Aliouruka Mwalimu Dieudonne

Mpanda ya siku hizi ina watu, hilo halina ubishi. Simama Makanyagio asubuhi ujionee mwenyewe: bodaboda, mama wa vitumbua, watoto wa shule, na ng'ombe wa Wasukuma wanaokatiza barabara utadhani serikali iliwachongea wao. Kelele tupu. Lakini nyuma ya duka la pembejeo, nyumba ya tatu, alikuwepo mzee mmoja aliyeweza kumaliza Jumatatu mpaka Jumamosi bila kusikia mtu akimwita jina. Mwalimu Dieudonne huyo. Alifundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne kule Katumba, na watoto hao hao leo wakipita na pikipiki wanampigia honi awapishe. Ndiyo dunia.

Mkewe, Natalia, alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wako Dar es Salaam, na Dar ikishameza mtu hata simu yake inapata usingizi. Kwa hiyo Mwalimu alipika mwenyewe, akafua mwenyewe, akajiuliza maswali na kujijibu mwenyewe. Upweke hauna adabu. Ukishaingia nyumbani kwa mtu unachagua kiti kizuri, unakaa.

Kilichomtunza ni Jumapili. Kila Jumapili baada ya misa ya pili, Ernestine alitoka Misunkumilo kwa miguu na kapu lake, ndani mna kisamvu cha mawese, maharage, na siku njema samaki, migebuka ya Ikola. Walikula wawili, wakaisengenya kwaya, wakamkumbuka Natalia, na ilipofika saa kumi Ernestine akafunika kapu akaenda zake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwembamba, mcheshi, hana mume wala mtoto. Alimwita Dieudonne kaka. Na haikuwa kaka ya mdomoni tu. Dieudonne alisoma dawati moja na kaka yake wa tumbo moja, Egide, kule Burundi, na mpaka siku Egide atakapotokea, huyu ndiye aliyemshikia nafasi.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na bora nilimwage mapema. Egide hatatokea. Dieudonne alilijua hilo tangu mwezi wa tano mwaka 1972, akakaa nalo zaidi ya miaka hamsini, na hata Natalia alizikwa bila kuambiwa.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule wa mauaji kule Burundi, wanajeshi waliingia shuleni kwao mchana, na karatasi yenye majina. Vijana wakaitwa mmoja mmoja, wakaambiwa wanakwenda kuhojiwa na watarudi jioni. Siku hiyo Dieudonne alikuwa na zamu ya jikoni. Alipoona wenzake wanasukumwa, alijifungia kwenye stoo ya maharage, akasukuma komeo. Baada ya muda kidogo mtu akagonga. Alikuwa Egide. Dieudonne alimtambua vizuri kabisa, na hakufungua. Kwenye ufa wa mbao alimwona akipandishwa lori, kiatu kimoja mguuni. Lori halikurudi jioni ile wala jioni nyingine yoyote. Siku ya sita Dieudonne alikuwa upande wa Tanzania, miguu imevimba, na miezi michache baadaye malori ya wakimbizi yakamshusha Katumba, wakati huo msitu mtupu, tembo wanapita wanapotaka.

Akamkuta huko mama yake Egide, pamoja na binti wa miaka kumi, ndiye Ernestine. Mama alimshika mikono yote miwili, akamuuliza mwanangu umemwacha wapi. Na yule kijana wa miaka kumi na minane, kwa aibu ya ule mlango, kwa kuogopa yale macho, alijibu kwamba alimwona Egide akivuka mto Malagarasi upande wa juu, yuko na watu wengine, mzima wa afya. Uongo ule aliuazima kwa siku moja tu, apate kupumua. Alikusudia kuurudisha kesho yake. Sasa nyie mnajua, kesho ya namna hiyo haijawahi kufika.

Na uongo huzaa. Baba yao alishafariki, kwa hiyo mwanamume wa nyumba ile alikuwa Egide. Kwao, pombe ya posa haipokelewi na mama peke yake. Lazima kaka wa binti aionje kwanza, ndipo neno la binti litoke. Wanaume wawili walikuja kwa Ernestine, wa kwanza seremala, wa pili katekista aliyefiwa na mke. Wote wawili mama aliwarudisha na mitungi yao, kwa heshima: mwenye nyumba yu hai, Mwalimu hapa alimwona akivuka, tumsubiri. Wangejua kwamba amekufa, baba mdogo mmoja angesimama mahali pake na jambo lingekwisha siku hiyo hiyo. Lakini nafasi ya mtu aliye hai haikaliwi. Seremala akaoa kwingine. Katekista naye vivyo hivyo. Mama akafa mwaka tisini na moja, macho barabarani. Ernestine akabaki dada wa kila mtu.

Msiba wa Egide nao haukufanywa. Warundi wana siku ya kumaliza msiba, wanaiita kuganduka. Watu hukusanyika, wanakunywa pombe ya mtama kwa mirija kutoka mtungi mmoja, wanamtaja marehemu, na baada ya hapo walio hai wana ruhusa ya kuendelea na maisha yao. Lakini utamalizaje msiba ambao haujaanza?

Kwa hiyo Dieudonne alikuwa na mzani wake. Upande mmoja ukweli, upande mwingine Jumapili. Akimwambia Ernestine, atampa kaka yake na atampoteza yeye, na hana mtu mwingine wa kubisha hodi kwake duniani. Kila alipopima, Jumapili ilikuwa nzito zaidi. Alijichukia kwa hilo, ila alikula kile kisamvu.

Mambo yalianza kugeuka na sanduku. Mwaka jana, kabla ya mvua, parokia moja ya huku ilisafisha stoo yake. Vitabu vya Kifaransa vya mapadri wa zamani, vimetafunwa na mchwa, hakuna wa kuvisoma. Wakamkumbuka Mwalimu, wakampelekea kwa mkokoteni. Katikati ya vitabu vya sala na vya kilimo cha kahawa kulikuwa na kijitabu chembamba, kurasa tisini tu, kimechapwa kwa Kifaransa mwaka 1934. Aliyekiandika ni Mjerumani, mpiga chapa kwa kazi yake, jina lake Anton.

Vita ya Hitler sisi wote tunaijua ya mwaka thelathini na tisa. Ndivyo tulivyofundishwa, na Dieudonne mwenyewe alifundisha hivyo hivyo: tarehe ubaoni, mtihani, basi. Kijitabu kilisema mambo yalianza mapema. Mwaka 1933, Hitler hajamaliza hata miezi mitatu madarakani, watu tayari walikuwa wanachukuliwa majumbani mwao: wapinzani wa siasa, waandishi, watu wa vyama vya wafanyakazi, Wayahudi. Wakaambiwa wanawekwa ndani kwa ulinzi wao wenyewe. Kambi ya Anton ilikuwa kwenye kinamasi. Walichimba tope kutwa nzima, wakalazimishwa kuimba huku wanapigwa, na asiyeimba kwa furaha alizidishiwa. Familia iliyokwenda kuuliza ilijibiwa kwamba ndugu yenu alijaribu kutoroka akapigwa risasi. Anton alitoroka kweli, akavuka mpaka, na hata vidonda havijakauka akaandika. Aliweka majina: huyu aliuawa, tarehe fulani, na fulani ndiye aliyemuua. Akaweka na jina lake mwenyewe, wakati ndugu zake bado wako kule kule.

Na watu hawakumwamini, anaeleza mwenyewe kurasa za mwisho. Hilo ndilo lililomkaba Dieudonne. Wenye magazeti walimwambia anatia chumvi, Wajerumani ni watu waliostaarabika, mambo hayo hawawezi. Kwenye mkutano mmoja alikokwenda kusimulia, mama mmoja alimwambia kwa upole kwamba ana hasira tu, apumzike. Anton akaenda mkutano mwingine akasema tena. Miaka mitano kabla ya vita alikuwa anasema! Miaka kumi na mmoja kabla dunia haijayafungua yale mageti na kujifanya imeshangaa.

Dieudonne alikisoma siku tatu mfululizo, akaanza upya. Ile nyumba ilikuwa imepata mgeni. Akisonga ugali alimuuliza Anton maswali, akikata kuni alibishana naye, na jirani aliyechungulia uani alikwenda kusema kwamba Mwalimu sasa basi, umri umefika. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amempata mtu aliyepita njia ile ile, akafanya lile ambalo yeye hakulifanya, na alitaka kujua amelifanyaje.

Akaamua kukitafsiri. Alikwenda kwenye redio moja ndogo ya hapa mjini akamwona Mercy, mtangazaji, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye sauti ya kubembeleza. Mercy alimweleza bila kuficha kwamba watu wanataka Bongo Fleva, wazungu wa mwaka thelathini na tatu nani atawasikiliza? Hata hivyo Jumamosi saa kumi alasiri hakuna anayeigombea, kwa hiyo karibu, Mwalimu, njoo usome. Dieudonne akanunua kaunta buku, akachonga penseli, akawa mtu mwenye kazi. Hakuna asiyejua mtu mwenye kazi anavyotembea, naye alitembea hivyo.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ukurasa wa sitini na mbili. Ukurasa huo Anton anaacha kuwashitaki wengine, anajigeukia. Anaeleza kwamba kitanda cha pili yake alilala kijana aitwaye Emil, wamempiga vibaya, anaomba maji. Anamwita Anton kwa jina. Mlinzi yuko mlangoni. "Nilimsikia," anaandika Anton, "nikageukia ukuta. Alikufa kabla ya jioni. Mama yake yuko hai, na ninaandika hapa ili ajue, maana hakuna mwingine atakayemwambia." Halafu analitaja jina la mama huyo na mtaa anaoishi.

Dieudonne alifunga kijitabu akatoka nje akakaa juu ya ndoo. Kesho yake aliendelea na ukurasa wa sitini na tatu. Katika daftari lake hakuacha hata mstari mtupu. Ungekagua usingejua kwamba pana kitu kimerukwa.

Akaanza kusoma redioni. Juma la kwanza hakuna aliyempigia. La pili, hakuna. Alirudi nyumbani akiwaza kwamba Anton naye alianza hivi hivi. Kumbe nje kulikuwa na masikio. Kule Katumba wazee walikuwa wanazima majiko ili wasikie vizuri. Kijijini Kasekese watu waliacha kupura mpunga. Maana fikiria wanachosikia: watu wenye bunduki na karatasi yenye majina, malori, mnakwenda kuhojiwa tu, na familia haipewi hata nguo ya marehemu. Warundi hawa toka zamani wamezoea kutosema mambo yao kwa jina. Ukitaka kusema la kwenu, unasema la jirani, na mwenye akili anaelewa. Kwa hiyo Mwalimu aliposema Ujerumani walitikisa vichwa wakaambiana: Mwalimu ni mtu mzima, anajua kufunika. Na wakaanza kutuma majina.

Mercy yeye alizaliwa na kukulia hapa mjini, angejuaje? Redio yetu tangu zamani ni redio ya salamu. Mtu akituma jina, maana yake anamsalimia. Basi Jumamosi ya nne, Dieudonne alipomaliza kusoma, Mercy akavuta karatasi yake akasoma kwa ile sauti ya kubembeleza: salamu zimfikie Cyriaque popote alipo, kutoka kwa mdogo wake Kasekese, salamu zimfikie Athanasie na wanawe wanne popote walipo, kutoka kwa wajukuu Katumba. Akaongeza na la kwake, kwamba wote hao waendelee kutusikiliza, na akawachagulia wimbo wa kuchezeka.

Dieudonne aliketi pale mbele ya maiki, akiyatambua majina yale. Cyriaque alikuwa mwalimu wake wa hesabu. Athanasie alimjua, na wale wanne aliwajua. Wote walikufa mwaka sabini na mbili. Alielewa papo hapo kwamba hawa watu hawatumi salamu. Wanauliza kama ndugu zao wamo kwenye kitabu. Alimvuta Mercy pembeni akamweleza, na Mercy akaweka mkono mdomoni. Kisha akamwomba Mwalimu awaeleze watu ukweli Jumamosi ijayo. Dieudonne akakubali. Jumamosi ijayo ilikuwa mbali.

Jumapili ilikuwa kesho. Ernestine alifika mapema kuliko desturi, kavaa kitenge ambacho Dieudonne hakuwahi kukiona, kapu zito. Alipakua, akala kidogo sana, akaviosha vyombo bila kusema lolote kuhusu kwaya. Ndipo akakaa, mikono magotini.

"Kaka, kitabu chako kimefika ukurasa wa ngapi?"

Alimjibu kwamba wako wa sabini na kitu.

"Egide yuko mbele," aliuliza Ernestine, "au tumeshampita?"

Dieudonne alianza kueleza. Kitabu ni cha Ujerumani, dada yangu, ni habari za wazungu, mwaka thelathini na tatu, mimi na wewe hatujazaliwa. Ernestine alimsikiliza huku anatabasamu, jinsi mtu anavyomtabasamia mtu mwangalifu. Akasema anajua, ni cha Ujerumani, sawa kabisa, na huko redioni aendelee hivyo hivyo. Lakini hapa wako wawili. Alisema miaka ya karibuni ameanza kufikiri kwamba pengine Egide hakufika mbali baada ya kuvuka ule mto, na yeye si mtoto, anaweza kuambiwa.

Angeweza kusema hayumo. Ingekuwa kweli kabisa, maana kweli hayumo. Angesema hivyo, Ernestine angefunika kapu, na Jumapili nyingine angekuja tena na samaki. Dieudonne aliliona hilo mbele yake, karibu kama kijiko, na akalitamani kwa roho yake yote. Halafu akamwona huyu mwanamke na kitenge chake kipya, aliyekivaa ili apokee habari za kaka yake, na akaona kwamba hawezi tena.

"Hayumo kitabuni," alisema. "Mimi ndiye niliyemruka."

Akamweleza. Stoo, komeo, kugonga, ufa wa mbao, lori, kiatu. Hakujitetea kwa umri wala kwa woga. Alipofika kwenye mto Malagarasi alisema kwa kunong'ona.

Ernestine hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo hakuvuka?" na Dieudonne akajibu hakuvuka. Akauliza tena, kama mtu anayehakikisha njia, na akajibiwa vile vile. Jogoo wa jirani akapita uani, akafika mlangoni, akarudi.

"Yule seremala alikuwa anaitwa Ezekia," alisema Ernestine. "Nilimpenda. Nilimwambia asubiri mwaka mmoja tu, kaka anakuja. Alisubiri mitatu."

 

Ernestine akasimama. Alisema Jumamosi Mwalimu atalisoma hilo redioni. Jina la Egide, jina la baba yake, siku, na mlango, asifunike kitu kwa Ujerumani. Yeye hatazunguka nyumba hadi nyumba kuwaeleza watu aliyekuwa anamsubiri amekwenda wapi. Wasomi wana redio, waitumie. Akabeba kapu lake. Alishafika nje ndipo Dieudonne alipotambua kwamba amemwita Mwalimu, na si kaka.

Jumamosi saa kumi Dieudonne aliketi mbele ya maiki, na karatasi mpya aliyoitafsiri juma lile. Kwanza aliwaambia wasikilizaji kwamba kitabu hiki ni cha Ujerumani kweli, majina ya ndugu zao hayamo, na kwamba salamu zile zilisomwa kwa kutojua, wasamehe. Pili akasema kuna ukurasa aliwaficha, wa sitini na mbili. Akausoma: Emil, maji, ukuta, mama na mtaa wake. Kisha akaiweka karatasi chini.

"Na mimi nilikuwa na ukuta wangu," alisema. Akamtaja Egide, akamtaja baba yake, akataja siku. Akaueleza mlango na nani alikuwa nyuma yake. Akasema alimdanganya mama wa marehemu kwa miaka kumi na tisa na dada yake kwa zaidi ya hamsini. Yote yalichukua dakika sita. Mercy hakuweka wimbo. Aliacha kimya kiende hewani, jambo ambalo watu wa redio hawalifanyi, mpaka fundi mitambo akagonga kioo.

Sasa ukitaka kujua Anton alijisikiaje alipomaliza kusema, mimi sijui. Dieudonne yeye alirudi nyumbani kwa miguu na hakuna aliyemsemesha njiani. Simu za redio ziliita mpaka jioni, watu wanataka kutaja majina ya kwao, safari hii kwa uwazi, na juma lile lote Mercy aliyaandika moja moja na kuyasoma bila muziki. Katumba wazee wakaanza kuhesabiana ndugu waliowapoteza. Lakini simu ya Dieudonne haikuita. Baadhi walisema afadhali amesema. Wengine walisema angekaa nalo tu, limemsaidia nani sasa. Wote, wa afadhali na wa angekaa nalo, hawakubisha hodi.

Baada ya majuma mawili Ernestine alifanya kuganduka. Watu walikwenda Misunkumilo kwa makundi. Walipita nyuma ya duka la pembejeo, wamevaa vizuri, na Dieudonne alikuwa uani anapepeta mchele ambao haukuhitaji kupepetwa. Jirani mmoja, mgeni wa mambo, alimuuliza Mwalimu huendi, akajibu anasubiri mtu. Mtungi ule huendi bila kuitwa, na yeye hakuitwa. Baadaye alisikia ilikuwa mitungi mitatu, na kwamba mjomba mmoja alitoka Mishamo, na kwamba Ernestine alilia mpaka wanawake wakamshika kiuno.

Na yeye alilia, siku hiyo hiyo, peke yake, sufuria mkononi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumlilia Egide, maana ungemliliaje mtu uliyesema yu hai? Alilia kwa sauti na hakujali nani anasikia. Hakuna aliyesikia.

Jumapili tatu zilipita. Jamani, Jumapili isiyo na mtu ni ndefu. Alijaribu kwenda misa ya kwanza ili asikutane na Ernestine, halafu akaenda ya pili ili amwone, akamwona mgongo. Nyumbani alipika kidogo, akakila chakula akiwa amesimama. Kijitabu cha Anton alikirudisha sandukuni, alishamaliza kumuuliza.

Jumapili ya nne, mchana, hodi ikabishwa. Alikuwa Ernestine. Hakuwa na kapu. Alisimama pale kizingitini na hakukaribia alipokaribishwa.

"Mwalimu," alisema, "redioni ulisema aligonga. Hukusema kama alisema kitu."

Dieudonne alitamani kumjibu kwamba hakusema. Hilo moja alikuwa amejibakizia mwenyewe. 

"Alisema," alijibu. "Alisema, 'Dieudonne, ni jewe.'"

Ni mimi. Kwa lugha ya kwao ni maneno mawili tu. Ernestine aliyarudia kwa midomo, bila sauti, mara mbili.

"Sauti yake ilikuwaje?" aliuliza. "Mimi nimeisahau. Nimejaribu miaka yote hii, haiji."

"Nzito kidogo. Juma lile alikuwa na mafua."

"Mafua," alisema Ernestine. Akashika ncha ya kitenge akajifuta macho, taratibu, jicho moja kisha la pili. Kisha alisema hivi:

"Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usije ukaniuliza. Ila watu wote waliokunywa ule mtungi, hakuna hata mmoja aliyekaa na Egide. Walikuwa wanalilia jina. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka kumi. Umebaki wewe."

Akaingia. Alivuta stuli akaiweka karibu na mlango, mbali na meza, akakaa.

"Anza na hayo mafua," alisema.